Madereva wa malori hawajaisha, tunawakimbiza wenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo kuhusu malori ya njia ya Tunduma, ile inayotoka Dar kwenda mpaka wa Zambia, maana kila mara nasoma habari ya lori na basi au lori na Noah zimegongana, halafu chini inamaliziwa kwa maneno yale yale, chanzo cha ajali ni uzembe wa dereva aliyetaka kuovateki bila kuchukua tahadhari. Basi, habari imeisha. Hakuna anayeuliza huyo dereva mara ya mwisho alilala lini, alifundishwa na nani, analipwaje, na alikuwa anakimbilia nini. Mimi nilianza utingo, yaani msaidizi wa dereva, kabla sijaota ndevu, nikaendesha mpaka macho yakaanza kunisumbua usiku nikaacha, sasa nakaa Makambako karibu kabisa na lami, nawaona wanavyopita mchana na usiku, na mtoto wa dada yangu naye yuko huko huko barabarani. Kwa hiyo naongea kitu ninachokijua.

Siku hizi matajiri, yaani wenye malori, wanalalamika madereva hakuna. Unamkuta mtu ana vichwa vipya vya malori vimepaki yadi, vinang'aa, anasema sina wa kumpa. Wakati huo huo ukienda nje ya yadi yoyote pale Dar saa moja asubuhi utakuta vijana wamejaa, wana leseni ya malori, daraja E, mfukoni, wengine wana na cheti cha chuo cha usafirishaji NIT au cha ufundi VETA, wanasubiri angalau deiwaka, kibarua cha safari moja, ya kupeleka gari mpaka Mbeya. Sasa nani mkweli hapo? Wote wakweli. Wenye leseni wapo wengi, wanaopungua ni wale wenye barabara kichwani, na hao hawajapungua kwa bahati mbaya, wameondoka wenyewe kwa sababu ya jinsi tunavyowatendea, na walipoondoka wameondoka na adabu ya barabara. Ndo maana haya mambo mawili, uhaba wa madereva na fujo tunayoiona kwenye lami, kwangu mimi ni jambo moja.

Tuanze na hiyo adabu maana wasomaji wako wengi wana magari madogo na sidhani kama kuna mtu aliwahi kukaa nao akawaeleza. Kutoka Kimara mpaka Kibaha tumepata barabara ya njia nane, kilomita 19.2, mtu ana nafasi ya kuchagua leni, lori likae kushoto na mwenye haraka apite kulia, jambo jepesi kabisa, lakini hata hapo utakuta malori matatu yamesimama sambamba kama ukuta yanapandisha taratibu na ambulensi iko nyuma inalia. Hilo ni la kusimamia tu, trafiki wapo. Tatizo kubwa linaanza ukishaiacha Kibaha, kwa sehemu kubwa ya safari yote iliyobaki, zaidi ya kilomita 800, ni njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, barabara iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya sitini na mwanzoni mwa miaka ya sabini, na leo inabeba semi za mpaka tani 56 kwa sheria ya uzito ya Afrika Mashariki, salfa na mafuta yanapanda kwenda Zambia na Kongo, shaba inashuka, mabasi, Coaster, Fuso za nyanya, magari ya IT yanayopelekwa nchi jirani, bodaboda, na mwanafunzi anayevuka. Kwenye barabara ya namna hiyo kuovateki maana yake unakwenda kukaa upande wa mtu mwingine anayekuja kwa spidi. Kwa hiyo lazima watu waongee.

Na tulikuwa tunaongea. Lori la mbele yako likiwasha indiketa ya kushoto maana yake mbele kweupe, pita. Likiwasha ya kulia, tulia, kuna gari linakuja au kuna kona sioni. Usiku mkikutana uso kwa uso unadimu taa mapema, unawasha ya kulia ili mwenzako ajue bodi yako inaishia wapi, mnapishana, honi fupi ya asante, kila mtu na safari yake. Ukiwa kwenye msururu unaacha nafasi kati yako na lori la mbele, nafasi ya kutosha basi kuingia, sio kwa sababu ya breki tu, hapana, ili yule anayeovateki akikutana na gari apate pa kujificha. Malori matano yakishikana mkia bila upenyo ni sawa na kumwambia mwenye gari dogo ayapite yote matano kwa mkupuo, na atajaribu, kwa sababu amekaa nyuma yenu tangu Mikumi.

Haya hayapo kwenye sheria ya usalama barabarani ya mwaka 1973, kule utakuta lori mwisho kilomita 80 kwa saa na 50 kwenye makazi, na indiketa ni ya kukata kona. Na hapo ndo penye hatari kubwa. Ishara ile ile ya kulia inayosema usipite ndo hiyo hiyo inayosema naingia kulia. Mzee aliyenifundisha alikuwa mkali sana kwenye hili, alisema ukitaka kweli kuingia kulia usitegemee indiketa peke yake, anza kugusa breki mapema zile taa za nyuma ziwake wake, sogeza gari taratibu karibu na mstari wa kati, toa mkono dirishani, angalia kioo, angalia tena, ndo ukate. Na ukitaka kuegesha kushoto, usiwashe indiketa ya kushoto wakati kuna gari linakuja mbele, maana wa nyuma atasoma kwamba umemruhusu. Subiri lipite kwanza. Mambo madogo haya, na ndo yanayoamua nani anafika.

Juzi juzi hapa hapa kwetu nimeona kwa macho, semi inatoka Iringa, dereva kijana, anataka kuingia sheli iliyoko kulia, kawasha indiketa ya kulia mbali kabisa, vizuri, lakini yuko pembeni kushoto kabisa na hajagusa breki. Noah ya nyuma ikasoma kwamba inaambiwa subiri. Ikasubiri. Gari la mbele likapita, indiketa bado inawaka, Noah ikaona huyu kaisahau, ikachomoka kupita, na kijana naye ndo anakata. Noah ilienda mtaroni, mama aliyekuwa na ndoo za parachichi pembeni alikimbia zikamwagika zote, Mungu mkubwa hakufa mtu. Wakaanza kugombana pale, kila mmoja anasema mimi niko sahihi, na ukiwasikiliza kila mmoja kweli alikuwa sahihi kwa alivyofundishwa. Kijana ana leseni halali, alienda chuo, alifaulu. Hakuna mtu aliyewahi kukaa naye kwenye kichwa usiku akamwambia wa nyuma anasoma nini.

Zamani aliyekaa naye alikuwa suka, yaani dereva mwenyewe, na kijana alikuwa utingo. Sisemi utingo ilikuwa kazi nzuri, nisieleweke vibaya, tulilala juu ya mzigo kwenye baridi ya Mafinga, tulilipwa chochote alichojisikia mtu, wapo walioanguka kwenye tela wakafa na familia haikupata hata mchango wa maana. Lakini ilikuwa shule. Miaka unakaa upande wa kushoto unaangalia, unaambiwa chungulia huko kama kweupe, unatoa mkono kumpungia wa nyuma apunguze, unajifunza mlima Kitonga unavyoshukwa, kwamba gia uliyopandia ndo utakayoshukia na anayeachia fri, gari linashuka bila gia, ili aokoe mafuta anacheza na roho za watu walioko kwenye kona ya chini. Unajifunza Ruaha Mbuyuni watu wanauza vitunguu pembeni kabisa ya lami kwa hiyo punguza hata kama tochi ya trafiki ya kupima spidi haipo. Unajifunza kwamba Kitonga lori haliovateki lori, hata kama wewe una nguvu na mwenzako anatambaa, kwa sababu mkishindwa wote wawili mmeziba nchi nzima, foleni inakuwa ya masaa na kuna wagonjwa wanapelekwa hospitali humo ndani.

Unajifunza pia kusafisha unapotoka. Hili linaniuma sana. Gari likiharibika kwenye njia unaweka pembe tatu zako mbali, sio hatua mbili nyuma ya tela, unakata matawi unayapanga kuanzia mbali ili wa nyuma aanze kujua, unaweka mawe kwenye tairi. Ni sawa. Lakini gari likipona unaondoa kila kitu, jiwe la mwisho mpaka tawi la mwisho. Sasa hivi dereva yuko peke yake, ana haraka, anaondoka na kuliacha lile jiwe kubwa katikati ya lami, na usiku anakuja kijana wa bodaboda hana hata taa. Nani ataandika kwenye gazeti kwamba chanzo ni jiwe?

Matajiri wengi wamemuondoa utingo. Nawaelewa, mimi sio mtu wa kumuona kila mwenye gari ni shetani, wapo wenye lori moja tu la mkopo, benki inataka marejesho, matairi yanauma, mizani kuanzia Vigwaza inataka uzito sahihi, kule mpakani gari linakaa foleni halizalishi. Kumlipa na kumlisha mtu wa pili ni gharama. Lakini walivyomtoa walifunga shule bila kufungua nyingine. Chuo kinampa kijana wiki kadhaa na karatasi, na nashukuru vyuo vipo, vinafundisha vizuri sheria na gari lenyewe, ila hakuna chuo kinachoweza kukupitisha Mikumi saa tisa usiku, ile sehemu ya hifadhi, tembo amesimama kwenye lami na basi liko nyuma yako linakupiga taa full.

Halafu njoo kwenye malipo, na hapa ndo naomba matajiri wanisikilize. Madereva wengi hawali mshahara, wanakula posho ya safari. Mshahara upo kwenye maneno, au ni kidogo sana, hela ni ile unayopewa ukipakia. Gari likisimama Tunduma siku kadhaa, na kusimama ni kawaida, hata baada ya kile kituo cha pamoja cha mpakani kufunguliwa 2019 foleni bado tunaziona zinavyorudi nyuma mpaka Mpemba, posho ni ile ile, unakula humo humo, unalipa choo humo humo, unalala kwenye usukani unalinda mzigo. Ukitoka hapo unataka kufidia. Kwenda Lubumbashi ni karibu kilomita 2,000 kutoka Dar na wengine wanaendelea mpaka Kolwezi, na unajua ukirudi mapema utapakia mapema. Sasa mwambie huyo mtu akae nyuma ya tanki linalotambaa kwa kilomita 20 kwa saa asubiri njia iwe nyeupe. Atasubiri mara ya kwanza, atasubiri ya pili, ya tatu atachomoka. Uzembe upo, sikatai, na wapo wanaonyonya mafuta ya tajiri wakauza kwenye madumu barabarani, siwatetei hata kidogo. Lakini mtu anayelipwa kwa kufika atakimbia, hiyo haihitaji mtaalamu.

Sheria tunayo. Ile ya ajira na mahusiano kazini ya mwaka 2004 inasema masaa 45 ya kawaida kwa wiki, 9 kwa siku, na hata ukiweka na ya ziada mwisho ni 12 kwa siku, siku ya mapumziko lazima, na maelezo ya ajira kwa maandishi. Mwaka 2015 madereva waligoma nchi nzima mwezi wa nne na wakarudia wa tano, abiria wakakwama Ubungo, mabomu ya machozi yakapigwa, na wengi mnakumbuka ugomvi wa kurudi shule kila ukihuisha leseni. Sawa, lilikuwepo, lakini dai lingine kubwa lilikuwa mkataba wa ajira. Karatasi tu inayosema huyu ni mfanyakazi wangu, namlipa hiki, namkatia NSSF. Miaka imepita, na bado namsikia mtoto wa dada yangu akisema mkataba aliosaini alipewa ukurasa wa mwisho tu, kopi hana, na ulitolewa ili gari lipate kibali. Tajiri wake simtaji, maana wako wengi wa hivyo.

Na sio kwamba hawa watu hawajui wanachoingia. Septemba 2016 madereva wetu walitekwa na waasi Kivu Kusini, magari yakachomwa, Mungu akasaidia wakaokolewa. Mwaka 2020 ugonjwa wa corona ulipokuja dereva wa lori ndo aligeuzwa kuwa ugonjwa wenyewe, Zambia ikafunga Nakonde mwezi wa tano, Kenya ikafunga mipaka yake na sisi isipokuwa mizigo, watu walikaa kwenye foleni wanasubiri majibu ya vipimo na vijijini wanakataliwa hata kuuziwa chakula, huku hicho chakula wamekileta wao. Mtu mwenye uzoefu wa miaka ishirini akipata nafasi ya kuendesha Uarabuni au Ulaya, au hata kuacha akafungua duka la spea, ataondoka, na kweli wanaondoka.

Wasomaji wasidhani ni sisi tu. Shirikisho la kimataifa la usafiri wa barabarani, IRU, mwaka 2023 lilihesabu nafasi zaidi ya milioni 3 za madereva wa malori hazina watu kwenye nchi 36 ilizoangalia. Uingereza 2021 chama cha wasafirishaji kilisema wamepungukiwa madereva kama laki moja, sheli zikakauka, serikali ikaleta wanajeshi kuendesha matanki ya mafuta na ikatoa viza za muda 5,000 kwa madereva wa nje. Na madereva wa kule walipoulizwa kwa nini watu wameacha kazi walisema vitu ambavyo hata suka wa Chalinze angesema, hakuna pa kupaki usiku, hakuna choo cha maana, masaa marefu, heshima hakuna. Kilichoanza kuwarudisha watu ni hela kupanda, sio semina.

Kwa hiyo naomba haya, na nayaomba kwa heshima. Matajiri, mrudisheni mtu wa pili kwenye kichwa, ila safari hii arudi kama mwanafunzi mwenye jina, bima na posho yake, aandikwe, na yule suka anayemfundisha alipwe kitu juu kwa kazi hiyo. NIT na VETA waangalie namna ya kuwatumia hawa wazee walioacha barabara, wapo Makambako, wapo Mafinga, wapo Mbeya, wamekaa vijiweni wanacheza bao na wana kila kona ya TANZAM, barabara hii ya Zambia, kichwani, mtu kama huyo akikaa na vijana wiki moja watatoka na kitu ambacho hakipo kwenye kitabu. Posho ya kukaa foleni mpakani ilipwe kwa siku, hii peke yake itapunguza mbio kuliko tochi zote za trafiki. Na trafiki wetu, ndugu zangu, mnajificha kwenye kichaka pale penye kibao cha 50 mnampiga tochi mtu wa 56, sawa ni kazi yenu, lakini lile lori lililoegeshwa usiku nusu likiwa kwenye lami bila akisi za kung'aa taa zikimulika mnalipita asubuhi na jioni.

Mabasi yamewekewa VTS, kile kifaa cha kufuatilia gari na spidi yake, na yakiwa na safari ndefu yanatakiwa kuwa na madereva wawili, abiria wanajua na wanapiga kelele wakiona dereva hajabadilishwa. Dereva wa lori nani anampigia kelele? Mzigo hauongei. Kenya wenzetu baada ya ile ajali ya alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017 karibu na Sachangwan waliamua kutenganisha njia za kupanda na kushuka kwenye ule mlima kwa ukuta wa zege, hawakungoja kila dereva awe malaika. Milima yetu nayo inahitaji hivyo, na vituo vya kupumzikia vyenye taa, choo na mlinzi, sio kila mtu kujitafutia uwanja wa bibi mmoja nyuma ya sheli.

Na ninyi wa magari madogo, hasa wenye V8 mnaoamini barabara ni yenu. Lori lenye mzigo halisimami kama gari lako. Ukimpita halafu ukaingia mbele yake ukakanyaga breki kwa sababu umeona tochi, unamuomba kitu ambacho gari lake haliwezi kukupa. Akikuwashia kulia usimpigie honi ya matusi, amekaa juu, anaona usichokiona. Akikuwashia kushoto mshukuru, lakini angalia na macho yako mwenyewe kabla hujatoka, kwa sababu siku hizi huwezi kujua aliyeko kwenye usukani alifundishwa lugha hiyo au anataka tu kuegesha anunue maji.

Mwisho naomba kitu kwako Mhariri. Mtume mwandishi wako mmoja apande lori lenye mzigo kuanzia mizani ya Vigwaza mpaka Tunduma, sio siku moja na kamera, akae mpaka gari livuke. Aandike masaa aliyolala dereva, aandike alikula wapi na kwa hela ya nani, ahesabu ni wangapi waliowapita kwenye mstari usiokatika. Dereva wa kumpakia nitamtafuta mimi, wapo wengi wanaopita hapa na wako tayari kuongea mradi majina yao yasitoke.

Wako,
Dereva mstaafu,
Makambako, Njombe